SEHEMU YA 9: Gari limechomekwa, lakini halijachaji

Leo siongelei chanjo wala homa, naongelea chaja ya gari. Msinicheke, someni hadi mwisho, maana mtoto yumo humu ndani.

Mnajua mimi ni nesi hapa Uingereza, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Tulipopata gari la umeme (la mtumba, tusidanganyane), tulichaji kwa soketi ya jikoni, eksitensheni ikapita dirishani. Siku moja nikagusa plagi, jamani, ilikuwa ya moto! Na kitinda mimba wangu ndiyo kwanza anatambaa, kila waya anauvuta. Nimehudumia watoto walioungua, sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Halafu ni polepole mno: soketi ile hutoa kilowati 2.3 hivi, betri yetu ya kilowati-saa 50 ikiwa tupu inataka zaidi ya saa 20.

Tukaweka chaja janja ya ukutani, kilowati 7. Betri ileile sasa inajaa kwa saa 7 au 8. Nikaona tumemaliza.

Wiki ya pili nikatoka zamu, saa 2:40 asubuhi nikachomeka gari, nikalala. Saa 4:30 shule ikapiga simu: kijana wangu mwenye pumu anakohoa, pampu yake haimsaidii vya kutosha. Nikatoka mbio. Gari asilimia 6. Saa mbili kwenye waya na halikuingiza kitu!

Chaja haikuharibika, ilitii ratiba. Tangu 30 Juni 2022, sheria ya hapa inataka chaja mpya za nyumbani zije na ratiba ya kukwepa saa ambazo umeme unatumika sana: siku za kazi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, na saa 10 jioni hadi saa 4 usiku. Siku ya kwanza inakuuliza, ukubali au ubadilishe. Mimi nilibonyeza "kubali" bila kusoma, kama tunavyofanya wote.

Jirani yangu, Mungu ambariki, alitupeleka hospitali kwa gari lake. Mtoto aliwekewa dawa, jioni tukarudi naye. Nawaambia kama nesi: mtoto akishindwa kuongea au midomo ikibadilika rangi, usitafute funguo za gari, piga 999.

Basi kabla hujanunua, usianze na bei wala uzuri wa programu ya simu. Anza na saa za nyumba yako. Gari linalala nyumbani usiku? Umeme wa usiku wa manane ni nafuu kwa mikataba mingi, ufurahie. Wewe ni wa zamu kama mimi? Usiku ule wa bei nafuu gari liko maegesho ya hospitali! Mimi sasa nimepanga lichaji saa 3 asubuhi hadi saa 9 mchana. Nalipa zaidi kidogo, ila nalala usingizi.

Fundi akija, muulize haya:

1. Fyuzi kuu ya nyumba ni ampea ngapi? Nyingine ni 60, nyingine 80 au 100. Chaja peke yake inavuta 32, na bafu la umeme linaweza kuvuta 40. Omba chaja inayojipunguza yenyewe nyumba inapozidiwa.
2. Nani ataitaarifu kampuni ya nyaya za umeme? Kwa kawaida fundi ndiye anayefanya, lakini hakikisha.
3. Intaneti ikikatika, itaendelea kuchaji?
4. Waya utaning'inia wapi? Taka kulabu juu, mbali na mikono midogo na magurudumu ya kigari cha mtoto.

Mkipanga nyumba, mwenye nyumba akubali kwanza, kwa maandishi.

Na la mwisho: kabla fundi hajaondoka, mwambie akuonyeshe jinsi ya kulazimisha chaja ianze SASA HIVI. Ufanye wewe mwenyewe mbele yake. Baba watoto naye afanye. Na bibi pia, kama ndiye anayebaki na watoto.

Nyumbani kwako nani anajua kuibonyeza? Niambie hapo chini. Sehemu ya 10 tunarudi kwenye pumu, wengi mmeniuliza inboksi.