Jibu la Yadi si Hukumu

Mombasa

Mpwa wangu Rehema,

Mama yako amenisomea kwenye simu jibu ulilopewa na yadi iliyokuuzia gari: liliuzwa kama lilivyo, fundi wako alilikagua, hawana deni nawe. Nasikia umeshakata tamaa. Aliyekuuzia si hakimu, mwanangu. Amejibu kama anavyojibu kila anayedaiwa.

Hilo la "kama lilivyo" lisikutishe. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amekuhakikishia kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, na haki hiyo haifutiki kwa kukutaka utie sahihi nyuma ya risiti. La fundi ndilo zito. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, haimkingi mnunuzi kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuibaini. Tairi zilizoisha na AC isiyopoza, hayo yasahau, usiyatie hata kwenye barua. Lakini giaboksi inayoteleza ikishapata moto, baada ya nusu saa ya foleni ya Thika Road, ni fundi gani angeiona kwa kuzungusha gari uani mwa yadi? Kesi yako iko hapo. Mafuta ya giaboksi yatolewe kidogo kwenye chupa safi, mbele yako, na upige picha. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, na gari hujamaliza nalo mwezi, nani atasema umeyaunguza wewe? Kisha tafuta ripoti ya mkaguzi asiyekujua. AA Kenya hufanya kazi hiyo kwa malipo.

Mimi nimezeekea Kilindini kwenye klaringi, najua gari la Japan huja na karatasi zake. Dai cheti cha kusafirishia na kile cha ukaguzi wa kabla ya kupakiwa melini. Tazama kilomita zilizoandikwa, kisha tazama dashibodi. Dashibodi ikisoma pungufu, umedanganywa, na malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Mamlaka ya Ushindani. Nenda, ila usikae ukingojea pesa zako kutoka huko. Na hata wakilitupa faili lako, mahakama haijafungwa.

Kinachonikosesha usingizi ni kusikia bado unalipeleka gari kazini! Ukikaa nalo muda wa kutosha bila kusema unalikataa, sheria inahesabu umelipokea. Hapo huwezi tena kulirudisha, utabaki kudai fidia tu. Liegeshe. Andika barua leo, yenye tarehe, kasoro, na jambo moja unalotaka: pesa zako au matengenezo. Usiwaambie "chochote mtakachoona sawa", maana watakachoona sawa ni kutokupa kitu. Wape siku kumi na nne, nakala moja waigongee muhuri, nyingine itume kwa barua pepe. Jumbe za WhatsApp usifute hata moja, hata zile ulizowatukana.

Wakinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Ilianza kazi 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na gari lako la laki nane na nusu linaingia. Unajisemea mwenyewe bila wakili, na masharti ya ushahidi si magumu kama kwingine. Sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, zikizidi usishangae. Huko ni bora kuliko kuwaanika Facebook, maana ukiteleza neno moja wao ndio watakaokushtaki kwa kuwaharibia jina.

Mkopo wa Sacco ulionunulia gari endelea kulipa. Sacco haikukuuzia gari. Ukisimamisha malipo watakaokatwa ni wadhamini, na mmoja wao ndiye huyu anayekuandikia.

Huenda yadi ikilegea itakuahidi giaboksi nyingine. Usikatae kwa hasira. Uliza imetoka wapi, ina garantii ya miezi mingapi, nani atalipa gari la kuvuta ikikwama tena, na yote yaandikwe kabla ufunguo haujatoka mkononi mwako. Wakisema "sisi ni watu wa kuaminiana", toka nje unipigie simu. Iwe baada ya alasiri, maana mchana hulala.

Mjomba wako