Sakafu ya bafu la mzee: anza na njia ya maji

Ukiwa bwana shamba huulizwi mahindi tu. Ukimaliza kukagua shamba, mwenyeji anakuzungusha nyuma ya nyumba na kukuuliza kuhusu bafu. Leo nakujibu kwa kutumia bafu ninalolijua vizuri, tulilomtengenezea mama yetu. Magoti yake yamechoka, na kibanda cha nje usiku kilikuwa kinatutia hofu.

Tulikuwa na kona ya mita 1 kwa mita 1.2 ndani ya nyumba. Wadogo zangu walitaka trei ya shawa ya plastiki kutoka dukani. Si mbaya: ni nyepesi na haipitishi maji. Lakini ina masharti mawili. Chini yake ijazwe mchanga na saruji iegemee yote, maana ikibaki na uwazi itabonyea na kupasuka. Pia bomba lake hupita chini, kwa hiyo juu ya sakafu iliyokwisha kujengwa, trei hunyanyuliwa. Hapo mtu anapanda ngazi akiwa na maji miguuni. Kwa kijana si neno. Kwa mama, ngazi hiyo ndiyo nyonga iliyovunjika. Tukachagua sakafu ya zege, sawa na chumba.

Kabla ya kuchanganya saruji, amua maji yatatokea wapi. Bomba la inchi 2 linatosha. Weka mkunjo unaobaki na maji ndani, ndio unaozuia harufu na mende. Kisha mwaga zege: saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Tumia pima maji. Huna? Sakafu ikishika, weka golori kila pembe. Zote zikimbilie tundu.

Fundi atataka kumalizia kwa niru ing'ae. Mkatalie. Niru ikilowa inateleza. Mwambie apitishe ufagio mgumu saruji ikiwa mbichi, miguu ipate mahali pa kushika. Pandisha plasta ukutani hadi juu ya kichwa, hasa kama ukuta ni wa tofali mbichi, kwani ukinywa maji chini huanza kumomonyoka. Mwagilia zege siku 7 kabla ya kulitumia. Na usisahau bomba la chuma la kushikia, lifungwe usawa wa kiuno.

Sasa maji ya nje. Usiyaache yatuame wala yaende kwa jirani. Mbu huzaliana humo na ugomvi pia. Sisi tuliyapeleka kwenye migomba mitatu, mita 5 kutoka kwenye msingi, mbali na kisima. Mdomo wa bomba umefunikwa kwa mawe, juu majani makavu. Usiyaelekeze kwenye mchicha wala kachumbari, na dawa kali za kusafishia choo zisipite humo.

Mama anaoga mwenyewe sasa, mlango ameufunga. Kwa mzee, kutohitaji kusindikizwa bafuni ni heshima kubwa kuliko marumaru yoyote. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, mtazame kwanza atakayeoga humo: anyanyue mguu mbele yako, uone unafika wapi.