Barua kutoka Reading: Mlipeni Rafiki Yenu Bei Kamili

Ndugu zangu wa Chang'ombe, nawaandikia kutoka huku Uingereza. Kuna jambo linanikera, na kwa kuwa ninyi ni watu wangu nitalisema bila kuzunguka. Rafiki mliyecheza naye rede na kombolela akiamua kuuza chakula anachotengeneza jikoni kwake, iwe siagi ya karanga, achari ya maembe au unga wa lishe, mnafungua kundi la WhatsApp, mnachanga, mnatuandikia na sisi wa huku tuongezee. Hapo nawavulia kofia. Lakini kopo la kwanza likitoka mnaomba kuonja, la pili mnataka bei ya kishkaji, la tatu mnakopa hadi mwisho wa mwezi. Nasema kwa mapenzi: mnammaliza mwenzenu. Anayeanza biashara ya chakula anahitaji wateja wa kumlipa bei kamili na kumkagua kama wangemkagua mgeni, kuliko anavyohitaji mchango.

Pigeni hesabu. Tuseme kopo la siagi ya karanga limemgharimu shilingi 4,000, ukijumlisha karanga, gesi, kusagisha, nauli na kopo lenyewe, naye anauza 5,000. Marafiki kumi wakimlipa 3,000 kila mmoja, amekula hasara ya 10,000, na hiyo ndiyo faida yote ya makopo kumi atakayowauzia watu baki. Wageni kumi wamelipa ili marafiki kumi wapunguziwe, na aliyeamka alfajiri kuchambua karanga amebaki mikono mitupu. Jasho lake hatujaligusa bado. Mtasema kumtoza rafiki bei ya dukani si utu. Mimi naona utu ni kumlipa mtu haki yake, hasa mtu ambaye haya zinamzuia kuidai.

Hiyo ni bei; sasa ukaguzi. Huku, mwenye kutaka kuuza chakula cha jikoni kwake hujiandikisha halmashauri siku 28 kabla ya kuanza. Kujiandikisha ni bure, na halmashauri haiwezi kumkatalia. Kwa kawaida ofisa huja kukagua usafi, na jiko hupewa alama kati ya 0 na 5 ambazo yeyote anaweza kuziona mtandaoni. Tangu Oktoba 2021, hata chakula kinachofungwa palepale kinapouzwa lazima kiandikwe viambato vyake vyote, na vile 14 vinavyojulikana kwa kuleta mzio viandikwe kwa maandishi yanayojitokeza. Sheria hiyo wanaiita kwa jina la Natasha Ednan-Laperouse, binti wa miaka 15 aliyefariki mwaka 2016 baada ya kula mkate uliokandwa kwa ufuta ambao lebo haikuutaja. Huku kopo linajieleza lenyewe. Kwetu tunamwamini mtu.

Najua jibu lenu: mama zetu wameuza vitumbua na bagia miaka yote bila lebo na hakuna aliyedhurika. Sibishi. Kitumbua huliwa cha moto, mlangoni, na mtu anayemjua mpishi na jiko lake. Sikidai lebo hata siku moja. Lakini kopo likishavuka Chang'ombe likafika Mbagala au Moshi, mnunuzi hamjui aliyelijaza. Na karanga zina lake. Sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, hukaa kwenye karanga vilevile. Sumu yenyewe huwezi kuiona kwa macho, na kukaanga hakuimalizi; karanga mbovu ndizo unazoweza kuziona na kuzitupa. Rafiki anayesema "tamu, hongera" na kunyamazia karanga zilizokunjamana alizoziona kwenye ungo hajamsaidia mtu.

Jibu la pili ni kwamba Wazungu wana fedha za kuendesha mambo hayo. Kwetu nako milango ipo, tena imefunguliwa zamani. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, na mjasiriamali mdogo aliyetambulishwa na SIDO huanza kuhudumiwa ili apate alama ya ubora bila kulipia ada. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Kinachokosekana ni mtu wa kushika foleni na mwenzake, na hiyo kazi ni ya rafiki.

Basi fanyeni hivi. Mmoja wenu mwenye mwandiko mzuri amshikie daftari la gharama, aandike hadi kiberiti. Mwingine aende naye SIDO na halmashauri ya Temeke kwa bwana afya. Mwambieni aache chupa za maji zilizokwisha kutumika, anunue makopo mapya yenye kufunga, na kila kopo liandikwe kilichomo, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho na namba ya simu. Chumvi ikizidi, mwambieni siku hiyohiyo. Lipeni kwa lipa namba kabla hamjabeba kopo, mauzo yake yaache kumbukumbu. Nasi wa huku, ombi la mtaji likija tena, litanguliwe na picha ya daftari hilo. Kurasa za mwezi mmoja zinatosha.