Nesi wa Kaunta Buku la Tatu

Katika kaunta buku langu la tatu, ukurasa wa hamsini na kitu, kuna nesi. Ni mnene, amevaa kandambili wodini, anatafuna bigijii huku akifuma kitambaa cha meza. Mgonjwa wa kitanda cha pili anaomba maji mpaka sauti inamkauka. Nesi hageuki. Anahesabu mishono yake.

Nilimwandika kwa usiku mmoja, kwa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatika. Kesho yake nikamsomea mshikaji wangu kijiweni, wakasogea wengine, nikarudia tangu mwanzo. Loo, walivyogongesheana mikono! Mmoja akaapa kwamba huyo nesi anamfahamu kabisa. Mwingine akasema wake alikuwa mwembamba lakini roho ni ile ile. Kila mtu pale alikuwa na nesi wake, nami nikajiona riwaya nimeshaipata.

Ndugu msomaji, nina jambo la kuungama. Nesi huyo sijapata kumwona maishani mwangu.

Mimi ni kijana wa Mbagala, nimemaliza kidato cha nne, nauza makava ya simu pale Rangi Tatu mchana, usiku naandika. Kilichonisukuma kuandika ukurasa ule ni jambo la dada yangu. Mwaka 2019 alikwenda kujifungua mtoto wake wa kwanza katika hospitali moja ya Serikali ya jiji hili. Jina lake naliacha. Mimi na mama tulimsindikiza na beseni lenye vitu vyote alivyoandikiwa kliniki: kanga, glavu, pamba, wembe, mpira wa kulalia. Uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za Serikali mwaka 1993, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano waliwekwa kando, wasilipe. Ni kweli dirishani hatukulipa. Lakini beseni lile lilimeza biashara yangu ya wiki mbili.

Usiku, leba, uchungu ukamzidi dada akapiga kelele. Nesi akamjia na kumwambia mbele ya wenzake wote, "Kelele za nini? Ulipokuwa unafanya mambo yako ulituita?" Mwanafunzi wa uuguzi aliyesimama pembeni akacheka. Nusu saa baadaye nesi yule yule akampokea mtoto, akamfuta vizuri, akamlaza kifuani kwa mama yake. Mtoto alikuwa mzima. Ukiangalia kadi, kila mahali pamejazwa, hakuna kilichokosewa.

Siku ile dada hakusema kitu. Mama alimuuliza getini, "Wamekuhudumia vizuri?" Akajibu, "Vizuri, mama." Mpaka arobaini ilipokwisha ndipo alipotusimulia, tena akiwa ametugeuzia mgongo, anakunja nguo za mtoto.

Baadaye nilisoma juu ya utafiti mmoja uliofanyika mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wanawake walipoulizwa wakati wanatoka hospitali baada ya kujifungua, kama 19 katika kila 100 walisema walidharauliwa au kunyanyaswa. Baadhi yao walipofuatwa majumbani kwao wiki kadhaa baadaye na kuulizwa tena, wakawa kama 28. Nikamkumbuka dada na "vizuri, mama" yake ya getini.

Basi, usiku ule niliposhika kalamu nilikuwa na hasira za kweli. Lakini maneno aliyoambiwa dada nilishindwa kuyaandika, niliona aibu. Ndiyo nikatunga bigijii. Nikatunga kitambaa cha meza. Nikamwacha yule halisi akapita, nikamkamata wa kuchekesha watu kijiweni.

Na kumsema nesi hapa mjini ni kazi rahisi, bwana! Panda daladala lolote la Temeke au Mwananyamala, taja tu neno hospitali, uone. Mwezi Novemba mwaka 2007 pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza moja walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mpaka leo kesi hiyo ikitajwa kijiweni hatuulizi nani alishika kisu. Tunamalizia tu, "Manesi wa Bongo, bwana." Dawa zikikosekana ni manesi. Foleni ikiwa ndefu ni manesi. Tarehe 9 Novemba 2015 Rais Magufuli, akiwa na siku nne tu madarakani, aliingia Muhimbili ghafla akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za vipimo hazifanyi kazi. Bodi ikavunjwa, na fedha za tafrija ya wabunge zikaelekezwa kwenye vitanda. Tulishangilia, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini yule mgonjwa wa sakafuni, nani alikuwa akipiga magoti kumchoma sindano kila baada ya saa sita? Hilo sikujiuliza. Wala sikujua kwamba miaka ya tisini, wakati watu wa jiji hili wakiongezeka kila siku, Serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri watumishi wapya wa afya.

Sasa nikueleze habari ya jirani yetu wa chumba cha mbele. Ni nesi, lakini hospitali yake si ile. Mtaani hakuna anayemwita nesi, tunamwita Dokta. Mtoto akipata degedege usiku, mlango unaogongwa ni wake. Anauza barafu za ubuyu kwenye friji yake ili mshahara ufike mwisho wa mwezi. Tarehe 29 Aprili 2009, maghala ya silaha ya kambi ya jeshi hapa Mbagala yalipolipuka, mimi nilikuwa mtoto mdogo wa shule, nakumbuka vumbi na mama akinivuta mkono. Majeruhi walikuwa wakikimbizwa Temeke na Muhimbili. Dokta alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Hakulala, akarudi kazini, na tulimwona tena kesho yake jioni. Siku zile sikumsikia mtu akisema manesi wa Bongo.

Mwaka 2022 dada akawa na mimba ya pili. Kliniki alihudhuria vizuri, kadi ipo. Uchungu ulipomshika usiku, shemeji yuko safarini, ni utingo wa malori ya Tunduma, dada akashika nguzo ya kitanda na kusema haendi. Mama akambembeleza, akalia, akamtisha. Dada anarudia tu, "Sirudi kule nikatukanwe." Mama akashindwa, akaitwa bibi mmoja wa mtaa wa pili, mkunga wa jadi. Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Kondo likatoka. Damu haikukata.

Sikuwa nimeona damu namna ile. Ilipita kwenye godoro ikaanza kudondoka sakafuni, na yule bibi akawa anasoma dua kwa sauti ya chini. Nikatoka mbio nikagonga mlango wa chumba cha mbele. Dokta akaja na kanga moja kifuani, hakuuliza kitu. Akaweka mkono tumboni kwa dada, chini ya kitovu, akawa anasugua kwa nguvu ili kizazi kijikaze, akamwamuru mama amweke mtoto kwenye ziwa, na mimi akanipigia ukelele: "Wewe! Unasimama kama mlingoti? Kalete bajaji!"

Njia nzima, kwenye bajaji, mkono wake haukutoka tumboni kwa dada. Alikuwa akimsemesha kwa ukali, "Usilale! Nimekwambia usilale, mpumbavu wewe!" Nami nikiwa nimejibana pembeni ya dereva nikawaza kwamba hilo nalo ni tusi.

Hospitali ya karibu wakampokea mlangoni, wakamchoma sindano ya kukaza kizazi, wakamtundikia dripu. Ikahitajika damu, nikatoa chupa moja. Wanaume leba haturuhusiwi, kwa hiyo nikakaa kwenye benchi la nje mpaka alfajiri. Kutoka pale benchi unaona mlango tu. Kila ulipofunguliwa alitoka nesi yule yule mmoja. Akaita jina la ndugu wa mgonjwa. Akamtuma mtu glavu duka la nje kwa sababu za ndani zimekwisha. Baba mmoja akamfuata mpaka usoni, akamwambia ninyi ndiyo mnaotuulia wake zetu. Nesi akamtazama, akasema, "Baba, niache nirudi ndani, mkeo yuko peke yake." Akafunga mlango. Ulipofunguliwa tena alikuwa ameshika mtoto wa watu kwenye kanga ya njano.

Dada alipona. Namshukuru Mungu.

Kama mwezi baadaye, Dokta yuko barazani anafunga barafu kwenye mifuko, nikamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Dada yako anakula vizuri?"

Nikamwambia anakula. Kisha, sijui nini kilinituma, nikamwambia kwamba mimi ni mwandishi na kwamba nimeandika habari za nesi. Akasema, lete nisikie. Nikaleta kaunta buku, nikasoma. Ya bigijii ilimchekesha mpaka akaweka mifuko chini. Akaniuliza hicho kitambaa anakifuma saa ngapi, maana yeye hata kwenda msalani anaweka miadi. Nilipofunga daftari nikamwambia na lile ambalo sikuliandika, lile la dada, neno kwa neno.

Akanyamaza. Akafunga barafu mbili, tatu.

"Huyo wako wa bigijii simjui," akasema. "Lakini maneno hayo nayajua. Nimeyasema."

"Kwa dada?"

"Si kwa dada yako. Kwa dada za watu wengine."

Akaniambia jinsi inavyokuwa: wazazi watatu wameiva kwa wakati mmoja, mikono una miwili, mmoja anabana mapaja na kichwa cha mtoto kimeshatokeza. Unapiga kelele, unampiga kofi la paja, mtoto anatoka hai, na hurudi kuomba radhi kwa sababu wa kitanda cha nne anakuita. Akasema alipokuwa mwanafunzi aliyasikia kwa waliomtangulia, akacheka, na mwaka uliofuata yakamtoka mwenyewe mdomoni kama kwamba ni sehemu ya mafunzo. Kila tarehe 12 Mei, akasema, tunawasha mishumaa, tunakumbuka kiapo. Lile neno hakuna aliyetufundisha darasani, lakini wote tunalijua.

Nilimwelewa, lakini nilikuwa bado na dada yangu moyoni. Nikauliza, "Samahani mama, hilo la kupiga kelele ili asimbane mtoto nimelisikia. Lakini hilo la 'ulituita' linafungua mapaja?"

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani nimevunja heshima.

"Hapana," akasema. "Halifungui kitu."

Halafu akaniambia kwamba wapo Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kwamba sheria ya mwaka 2010 inalipa nguvu hata za kumfuta muuguzi katika daftari lake. Akasema pia kwamba pale hospitali lipo sanduku la maoni, tena karibu na mlango wa leba, ila watu hulipita wakaenda kusemea kijiweni. "Kama wewe," akasema, akanipa barafu moja, bila kunitoza.

Nikarudi ndani nikamwambia dada tuandike barua. Nilikuwa nimeshaianza kichwani, kali kweli kweli, yenye methali mbili. Dada akakataa methali. Akasema, "Andika kwanza kwamba alinizalisha vizuri."

"Dada, huyu alikutukana!"

"Wewe andika. Alinizalisha vizuri, mtoto alitoka mzima, alimfuta, akampa kwangu. Halafu andika alichoniambia. Halafu andika kwamba mtoto wa pili nilizalia nyumbani kwa ajili ya neno hilo, nikakaribia kufa. Usiongeze kitu."

Niliongeza tarehe tu. Ilikuwa nusu ukurasa. Jina la nesi hatukulijua, na dada akasema hata angelijua asingeliandika, angetaka yeye mwenyewe asome ajijue.

Niliipeleka Jumatatu kabla ya kufungua biashara. Sanduku la maoni lipo kweli, la mbao, limepakwa rangi ya bluu, kufuli lake limeshika kutu. Lilikuwa limejaa. Nikaisukuma barua, ikaingia nusu, nusu ikabaki nje, nikawa nasimama pale naogopa kuiacha, maana yeyote angeweza kuivuta akaisoma au akaitupa. Nesi mmoja akapita na trei ya sindano, akaniona. Akaweka trei juu ya dirisha, akaikunja barua mara moja bila kuisoma, akaisindilia kwa kidole mpaka ikazama.

"Asante, sista," nikasema.

"Haya," akajibu, akachukua trei yake.