Utingo wa Tunduma Kwenye Upepo wa Kusi

Nimezaliwa Tunduma, mji unaoamshwa na malori ya Zambia na Kongo. Kabla mkoa wetu wa Songwe haujamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nilikuwa utingo kwenye barabara ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka mpakani. Kabla ya kuushuka mlima Kitonga, dereva wangu alisimama akanituma nigonge matairi kwa chuma, moja baada ya jingine, nisikilize. Tairi lenye upepo hudunda kwa sauti kali. Lililopungua huitika kwa uzito. "Kijana wangu," aliniambia, "mteremkoni si mahali pa kujaribia breki."

Maneno hayo nilikwenda nayo Paje, Unguja, nilikofuata kazi. Nilianza kwa kubeba pampu na kuwashikia wageni kaiti, tiara kubwa inayomvuta mtu aliyesimama kwenye ubao juu ya maji; hatimaye nikawa mwalimu na kiongozi wa safari. Niipendayo zaidi ni ile ya msimu wa kusi, kati ya Juni na Septemba: kutoka Jambiani hadi Pingwe, kama kilomita 20, upepo ukikusukuma kutoka nyuma ya bega la kulia.

Mpango huanza kwa kuutazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa asubuhi hadi mchanga ukaonekana mpaka karibu na mwamba wa matumbawe ulioko baharini, kisha hujaa mpaka mnamo saa kumi alasiri. Asubuhi hiyo ni ya akina mama wa mwani, kilimo kilichoanza hapa kibiashara mwaka 1989. Vigingi vyao hufunikwa maji yanapojaa. Ubao ukinasa kwenye kamba zao, mpanda kaiti huumia na mama wa watu hupoteza zao la wiki kadhaa. Kwa hiyo mimi huwafuata akina mama hao kwa miguu maji yakiwa yamepwa.

"Shikamooni, mama zangu. Mashamba mapya yamefika wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Pita nje ya ile kamba yenye chupa."

Saa nane tunaingia majini. Kila mtu ana kisu cha kukatia kamba na simu kwenye mfuko usioingia maji, na lazima aweze kufyatua kaiti yake macho yakiwa yamefumbwa. Gari linatufuata kwa barabara ya pwani likiwa na pampu na kaiti ya akiba. Hakuna anayekaribia milango ya mwamba, yaani mapengo yake: maji yakianza kupwa hukimbilia huko, na nje yake ni bahari kuu. Ndiyo maana nataka wote wawe nchi kavu Pingwe kabla maji hayajageuka. Gari lisipothibitishwa, safari haipo, hata kama wageni wamekwisha kulipa. Narudisha fedha zao.

Nikirudi nyumbani, vijana huniomba tukarushe kaiti Ziwa Rukwa. Hamu yao naielewa, maana upepo upo na maji ni mapana. Lakini Rukwa ina mamba na viboko, na kila mpanda kaiti, hata bingwa, kuna wakati huanguka akabaki akielea. Kwa mtu aliyeanguka pale sina gari wala kisu kitakachomsaidia. Nawajibu wazi kwamba siwapeleki. Anayetaka kazi hii aje Paje, nimfundishe bure, na siku yake ya kwanza tutaimaliza nchi kavu.