Sumaku mbili na treni ya makopo



Leo sileti habari za barabara wala za bei ya unga. Ninaleta habari ya treni ndogo, na ya siku tatu nilizopoteza, mimi mtu mzima, nikitafuta mahali pa kuweka sumaku mbili.

Nilikuwa nimekwenda kwenye kambi moja hapa Kalemie kurekodi wamama juu ya maji. Nyuma ya mahema nikakuta watoto wamepanga vijiti vya mianzi juu ya ubao mrefu. Ilikuwa reli. Mashini yake ilikuwa kopo la sardini, na mabehewa, yale tunayoita wago, yalikuwa makopo pia. Magurudumu walikata kwenye ndala zilizochakaa. Wengi wao walitoka upande wa Nyunzu, ambako reli ya Kalemie kwenda Kabalo inapita, kilomita 273 tangu mwaka wa 1915, wakati mji wetu ungali unaitwa Albertville. Treni wanaijua.

Shida yao ilikuwa moja. Mabehewa waliyafunga kwa waya, na kila mara walipotaka kuacha behewa moja bandarini, mkono mkubwa ulishuka kutoka juu na kuangusha treni nzima. Nikakumbuka kwamba nyumbani nina spika mbili za redio zilizokufa. Ndani ya kila spika kuna sumaku.

Papa mmoja jirani ya kambi, aliyefanya kazi ya kupanga mabehewa miaka mingi, alitutengenezea kulabu. Ni waya uliopita kwenye msumari kama ubao wa bembea: mbele kuna ndoano inayoshika behewa jirani, nyuma kuna mkia wa chuma unaoning'inia karibu na reli. Mkia ukifika juu ya sumaku, unavutwa chini, na ndoano inainuka. Ila mashini ikiwa inavuta, ndoano imekazwa na haiinuki. Lazima usimame, urudishe nyuma kidogo ili ilegee, ndipo iachie.

Basi, sumaku tunazo mbili, na mahali pa kuacha mabehewa ni patatu: stesheni, bandari na depo ya mahindi. Mimi nikasema tuweke ya kwanza kwenye reli kubwa, mbele ya stesheni, watu waone. Papa alinyamaza. Akaniacha nijaribu.

Tukaibandika kwa udongo. Treni ikaja kutoka Nyunzu yetu ya ubao, ikapunguza mwendo stesheni, makopo yakagongana kidogo, ikaendelea. Behewa la mwisho likabaki. Hakuna aliyekuwa amepanga kuliacha. Ndani yake watoto walikuwa wameweka punje za maharagwe, ndio abiria. Msichana mmoja, kama miaka kumi hivi, akasema taratibu: «Yaya, watoto wamebaki.»

Hakuna aliyecheka. Ninyi mnaonisikia kila jioni mnajua kwa nini. Ni mimi ninayesoma majina ya wanaotafutwa: mtoto aliyepotea njiani usiku ule, mama aliyepanda gari lingine. Nayasoma haraka kwa sababu karatasi ni ndefu. Siku ile mbele ya ubao nilitamani niwe nimesoma polepole.

Papa akaning'oa pale bila maneno makali. «Kijana, pahali treni inapopita au inaposimama kwa sababu nyingine, usiweke kitu cha kuachanisha. Kuachanisha kuwe pale tu unapokusudia kuachanisha.»

Tukaanza upya. Tukajaribu kwenye kona: mkia ukaenda pembeni, sumaku haikuuona. Kwa hiyo ni lazima reli iwe imenyooka, na mabehewa yote mawili yaliyoungana yawe yamenyooka. Tukajaribu mwisho kabisa wa njia ya bandari: ikaachia, lakini behewa moja tu, la pili halikupata nafasi. Tukajaribu mdomoni, karibu na njia panda ya reli: behewa likabaki limeziba njia ya wenzake.

Mahali pazuri pakapatikana kwa kupima. Unaingia kwenye njia ya pembeni, unapita njia panda mpaka behewa lisiguse tena lile linalopita reli kubwa, halafu hapo, kwenye reli iliyonyooka, unaweka sumaku. Behewa la kwanza unaliacha hapo. Ukileta la pili, linalisukuma la kwanza ndani. La tatu vilevile. Sumaku moja inatosha njia nzima.

Kitu kingine kilitushinda asubuhi nzima: behewa lililoachwa lilikuwa linarudi lenyewe juu ya sumaku. Tulidhani ubao umeinama. Kumbe ekseli zilikuwa misumari ya chuma, nazo zilivutwa. Tukaziondoa, tukatia vijiti vya mianzi. Likatulia.

Sumaku mbili zikaenda bandarini na kwenye depo. Stesheni haikupata. Papa alisema njia yake iwe ukingoni mwa ubao, mkono ufike bila kuvuka kitu, na anayeachanisha atumie kijiti, akiangalia kwa macho. Yule msichana ndiye mwenye kijiti. Kabla ya kuinua ndoano anachungulia ndani ya kopo, anahesabu maharagwe, ndipo anasema: «Tayari.» Papa anasema hata yeye zamani alikuwa akizunguka behewa lote kabla ya kuligusa.

Wazazi, mkitaka kuwatengenezea watoto wenu, msigongomee chochote siku ya kwanza. Bandikeni sumaku kwa udongo, endesheni treni siku mbili, muone inapoachia msipotaka. Ndipo mpigilie.

Nami nimebadilisha jambo moja. Tangu juma hilo ninasoma majina mara mbili, polepole, pamoja na kijiji mtu alikotoka. Kipindi kinachelewa dakika chache. Mtanivumilia.