UKURASA WA SAFARI: Gujarat kwa picha 72



Mwezi huu tunawapeleka India, upande wa magharibi, katika jimbo la Gujarat. Ndege hatukupanda, hilo mnalijua. Sisi hata kibali cha kutoka kambini tunakisubiri wiki. Tunasafiri kwa picha 72 alizotuachia mama mmoja mpiga picha, yule aliyekuja kuwafundisha vijana wetu kazi ya kamera. Yeye alizunguka Gujarat na wenzake tisa, wote wapiga picha, ndani ya basi dogo. Nyuma ya kila picha ameandika kwa kalamu jina la mahali, halafu neno moja kati ya mawili: "niliomba" au "sikuomba". Hayo maneno mawili yalituletea ubishi mkubwa darasani, tutayafikia. Habari nyingine tumezitafuta vitabuni na kwenye simu, tukazilinganisha kabla ya kuziandika.

Safari inaanzia Ahmedabad, mji ulioanzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah, ndiyo maana ukaitwa kwa jina lake. Katikati ya mji wa zamani kuna uwanja unaitwa Manek Chowk. Tunazo picha tatu za uwanja huo huo. Asubuhi ni soko la mboga. Mchana mboga hazipo, wamekaa wauza dhahabu na fedha. Usiku na wao wamefunga, zimetandikwa meza za chakula, moshi na mafuta yanachemka, watu wanakula wamesimama. Mama mmoja anayeuza dagaa soko la hapa alipoziangalia akauliza, je, huyo mwenye uwanja anakusanya ushuru mara tatu kwa siku?

Hapo hapo Ahmedabad kuna msikiti mdogo wa Sidi Saiyyed, uliokamilika mwaka 1573. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mtu wa Afrika kama sisi, aliyepanda cheo katika utawala wa masultani wa Gujarat. Madirisha yake ni ya jiwe lililotobolewa. Moja limechongwa mti ambao matawi yake yanapindana na kusokotana mpaka jiwe linafanana na vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu waliweka juu ya redio kule nyumbani. Wanafunzi walikataa kwamba ni jiwe. Tukawaonyesha picha ya karibu, wakakubali shingo upande.

Kutoka hapo basi likaenda kaskazini, Modhera, kwenye hekalu la Jua. Lilijengwa miaka ya 1026 na 1027 hivi, wakati wa Mfalme Bhima wa Kwanza. Mbele ya hekalu kuna bwawa kubwa la ngazi za mawe zinazoshuka pande zote nne, na kwenye ngazi hizo kuna vihekalu vidogo 108. Leo hakuna ibada ndani, hata sanamu ya Jua haipo tena. Lakini waliojenga walipima vizuri: siku ambazo usiku na mchana vinalingana, jua likichomoza mwanga wake unaingia moja kwa moja mpaka chumba cha ndani kabisa. Na sikilizeni hii. Mwezi Oktoba 2022 kijiji cha Modhera kilitangazwa kuwa kijiji cha kwanza India kutumia umeme wa jua usiku na mchana. Sola ziko juu ya mapaa ya nyumba za watu. Sisi tunaolipa ili simu ichajiwe kwa sola ya jirani tumeipenda hii habari kuliko hekalu lenyewe, tusifichane.

Sasa tunaingia Kutch, na hapa tutakaa kidogo. Ni wilaya kubwa kuliko zote India, nchi kavu, upande mmoja bahari, upande mwingine uwanda wa chumvi nyeupe usio na mwisho. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko la ardhi lilipiga huku na kuua watu karibu 20,000. Nyumba nyingi za mawe na saruji zilianguka. Zile za asili, za msonge, zinazoitwa bhunga, nyingi zilibaki zimesimama. Bhunga ni ya duara, ukuta wa udongo, paa la nyasi, na kwa kuwa haina kona mtikisiko unazunguka badala ya kupasua ukuta. Ndani wanawake wamepamba kuta kwa udongo mweupe na vioo vidogo vidogo. Katika picha moja taa ni moja tu lakini chumba kizima kinametameta.

Tetemeko hilo lilihamisha watu hata ambao nyumba zao wangeweza kuzijenga upya. Kijiji cha Dhamadka kilikuwa cha mafundi wa ajrakh, kitambaa cha rangi ya nili na nyekundu kinachogongwa kwa vibao vya mti. Kazi hiyo inataka maji mengi na maji safi. Baada ya tetemeko maji ya kisima yalipungua na kubadilika, rangi ikakataa kushika. Baadhi ya familia zikahama, zikaanzisha kijiji kipya karibu na mji wa Bhuj, wakakiita Ajrakhpur, yaani mji wa ajrakh. Tunaona picha za baba mmoja anagonga kibao kwa ngumi, mwanawe anaangalia. Walibeba vibao vyao na ufundi wao, kisima ndicho kilibaki.

Na upo mji mwingine huko Kutch ambao watalii hawausimamii sana, maana hauna hekalu la kale. Unaitwa Gandhidham. Mwaka 1947 India ilipogawanywa na Pakistan ikazaliwa, Wahindu wengi wa Sindh walikimbia, wakavuka bila kitu. Mahatma Gandhi aliwaombea ardhi kwa mtawala wa Kutch, naye akatoa ekari 15,000. Mwaka 1948 wakimbizi hao wakaunda shirika lao la makazi, wakapima viwanja, wakajenga. Mwanzo walikaa kwenye kambi. Leo ni mji wa biashara, karibu na bandari ya Kandla, na asiyejua historia anaona barabara na maduka tu. Mpiga picha wetu ana picha moja tu ya hapo, ya kituo cha mafuta, kwa sababu basi lilisimama kujaza dizeli. Wazee wa darasa la jioni wameitazama hiyo picha ya kituo cha mafuta kuliko picha zote. Waliuliza maswali ambayo hatukuwa tumejiandaa: ardhi ilikuwa ya hati? Wenyeji walikubali? Jibu la kwanza ni kwamba ardhi ilitolewa rasmi, na kwamba wale walipokelewa kama raia wa India, si wageni. Hapo mzee mmoja akasema, basi tofauti ndiyo hiyo, akainuka kwenda zake.

Bandari ya Mandvi tunapita haraka, ingawa ni nzuri. Kando ya mto Rukmavati wanaunda majahazi ya mbao mpaka leo, makubwa kama ghorofa. Wafanyabiashara wa Kutch ndio waliovuka kwenda Zanzibar na pwani yote, na duka la Mhindi ambalo babu zetu walinunua nguo na chumvi asili yake mara nyingi ni huku. Neno "gari" na neno "laki" tumeyapata kwa watu wa India. Chapati hatuna haja ya kueleza.

Palitana nayo ni mlima wenye mahekalu zaidi ya 800 ya watu wa dini ya Jain, na ngazi zaidi ya 3,000 za kupanda. Hakuna anayeruhusiwa kulala juu, hata makuhani, jioni wote wanashuka na mlima unaachiwa miungu. Picha ni chache kwa sababu ndani kupiga kuna masharti.

Mwisho wa safari ni kusini, karibu na msitu wa Gir. Huo ndio msitu wa simba wa Asia, hawapatikani porini popote duniani nje ya Gujarat, na hesabu ya mwaka 2025 ilikuta simba 891. Lakini sisi hatukuangalia simba. Jirani na msitu kuna kijiji cha Jambur, na watu wake ni Wasiddi. Tulipobandika picha ya kwanza ukutani, mtoto wa darasa la nne akapiga kelele, "Mwalimu, huyu ni mjomba wangu!" Kweli kabisa, sura, nywele, kicheko, vyote vya kwetu. Wazee wao walivuka bahari kutoka Afrika Mashariki, karne hata karne. Wengi waliletwa utumwani, wengine walikwenda kama askari na mabaharia. Leo wanasema Kigujarati kama jirani zao, wanavaa kama jirani zao, na serikali imewaandikisha katika makabila yanayopewa nafasi maalumu. Kiswahili kimepotea. Kilichobaki ni ngoma, nao wanaiita "goma".

Hapo darasa la jioni liligawanyika. Wapo waliosema ni jambo la kusikitisha, lugha nzima kupotea. Mama mmoja akajibu kwamba watoto wake watano wamezaliwa hapa kambini, Kibembe cha bibi yao wanakisikia, lakini kujibu wanajibu Kiswahili, na yeye hajui wajukuu watabaki na nini. Mwingine akasema goma inatosha. Hatukupata muafaka na hatukutegemea kuupata.

Ubishi wa pili ulitoka kwenye picha namba 68. Hii ilipigwa na mwenzake mpiga picha, kwa nyuma. Kijana wa Kisiddi amevaa manyoya ya tausi, anacheza goma mbele ya hoteli ya watalii, na kamera tisa zimemzunguka kama watu wanaochota maji bombani. Nyuma imeandikwa "niliomba". Wanafunzi wetu wakauliza, alimwomba nani, kijana au mwenye hoteli? Tukahesabu. Picha zenye sura za watu ni 51. Zilizoombwa ni 29, ambazo hazikuombwa ni 22, na hizo 22 karibu zote ni za sokoni na vijijini. Mahekaluni waliomba, kwa sababu mlangoni kuna mlinzi.

Vijana wa kamera walitetea: ukiomba, mtu anajipanga, anakaza uso, picha imekufa. Wasichana wakawajibu kwamba wao wamewahi kupigwa picha wako foleni ya posho, hawakuulizwa, na hawajui ile picha imefika wapi. Na wazazi mnakumbuka yule mama aliyekuja shuleni amekasirika, picha ya mtoto wake anayelia imechapishwa kwenye karatasi ya kuomba misaada. Anayelia alikuwa ameumwa na siafu tu.

Kwa hiyo kamati ya gazeti imekubaliana hivi: kuanzia toleo lijalo picha ya mtoto haitachapishwa humu mpaka mzazi au mlezi aiangalie kwanza, na anayepigwa picha apewe nakala yake. Nakala ni gharama, wino tunao kidogo, tutaanza na familia zenye wazee, kwa sababu wengi hawana hata picha moja iliyovuka nao.

Kwa yule mama tumeandika barua ya shukrani, tukaongeza swali moja, kama kijana wa picha namba 68 naye alipelekewa picha yake. Jibu likifika tutalichapa.